Mbaazi ya Sita

Jumanne, 3 Septemba 1996

Zuhura sasa hivi amemimina mbaazi zote za kesho ndani ya kiatu cha babake. Kiatu cha raga, chenye njumu. Kimejaa mpaka kwenye kamba. Kisha ameniangalia akasema, "Pishi." Miaka miwili na nusu, na amesema pishi kama mwenye duka. Nimecheka mpaka machozi. Nimezimwaga kwenye sinia, zanuka nyasi na jasho. Nitaziosha mara tatu. Mavyaa asijue.

Mavyaa wangu, mamake Athmani, amelala chumba cha mbele. Athmani yuko gatini Mbaraki akipata kibarua. Akikosa, yuko kiwanjani na timu ya gati. Miaka minane anacheza raga. Mimi miaka mitatu naosha jezi yake, namba saba, na mchezo wenyewe siujui hata kidogo.

Habari kubwa leo. Manowari ya Waaustralia imeingia kutengenezwa, itakaa zaidi ya wiki mbili. Mabaharia wake wataka mechi na timu ya gati, Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Athmani amekuja kula mbio mbio, wali umemwangukia shatini wala hakuona. Sijamuona vile tangu harusi.

Jumatano, 4 Septemba

Furaha imeingia mchanga.

Raga ya mabaharia si raga ya kina Athmani. Yao yaitwa ligi. Kwetu huwa watu kumi na watano, kwao kumi na watatu. Wamekata wawili. Na waliokatwa ni wale wa ubavuni, kazi yao kukimbia kutwa nzima wakiangusha watu. Namba sita na namba saba.

Namba saba ni mume wangu.

Nimekasirika kama nimekatwa mimi. Nani aliketi akaamua mtu wa ubavuni hana maana? Karisa amepita jioni kumpoza. Yeye ndiye kepteni, karani wa gatini, mtu wa Kaloleni, mpole sana. Akaniambia mlangoni, "Shemeji, sheria hii sikuitunga mimi. Wageni wameiomba, tumewakubalia." Athmani atakaa na wale wanne wa akiba. Pengine ataingia, pengine hataingia.

Alipoondoka Karisa, Athmani akakaa kizingitini akitoa matope kwenye njumu kwa kijiti. Akasema nisipoingia Jumamosi ile, viatu hivi nampa mtu. Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Gatini kibarua siku hizi siku mbili kipo, siku nne hakipo. Kiwanjani ndipo pahali anapotembea kifua mbele. Nataka aingie. Nataka sana.

Alhamisi, 5 Septemba

Mimi leo ni mwalimu!

Mabaharia wametoa kitabu kidogo cha sheria, cha Kiingereza. Kimetoka kwa Dagi, mpishi wa manowari, ambaye pia ni kepteni wao. Dagi kampa Karisa, Karisa kampa Athmani, Athmani kanipa mimi. "Wewe umesoma." Nimesoma mpaka darasa la saba! Lakini nimekishika kama yai. Bi Rukia jirani ameniazima kamusi ya wanawe.

Ukurasa mmoja saa nzima. Zuhura mgongoni. Lakini nimeelewa jambo moja kubwa. Mtu akifanya "try" hupewa pointi nne. Nimefungua kamusi: try, jaribu. Nimesoma mara mbili. Wazungu watoa pointi nne kwa kujaribu!

Nimetoka barazani kuwaeleza mavyaa na Bi Rukia. Mavyaa akasema, "Hata akikosa?" Nikasema hata akikosa. Bi Rukia akasema basi yeye ana pointi elfu. Mavyaa hakucheka. Akasema, "Hiyo ndiyo sheria ya haki pekee niliyopata kuisikia kwa mzungu."

Nimelala mchana na furaha. Mchezo unaompa mtu kitu kwa kujaribu.

Ijumaa, 6 Septemba

Aibu. Athmani amecheka mpaka kashika ukuta. Trai si kujaribu. Trai ni kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha chini. Asiyefika hapati kitu.

Nikamuuliza, wewe umezipata ngapi? Akaacha kucheka. Hajapata hata moja. Miaka minane. Mtu wa ubavuni huangusha, wengine ndio hufika.

Nikasema basi kitabu kimekosea jina. Mimi nitaendelea kusema jaribu.

Nimepata na sheria nyingine, hii nimeielewa sawasawa. Kwenye ligi, timu ikishika mpira, wenzao wakawaangusha mara sita, wautoa. Wape wengine. Kwenye raga ya kina Athmani waweza kuukalia mpira mpaka jua lichwe. Kuangushwa kule wao huita "tako". Athmani alisema "tako sita" mbele ya mamake, mavyaa akakohoa, mimi nikakimbilia jikoni. Basi humu ndani tumekubaliana kusema mwangusho.

Asubuhi bombani vita kama kawaida. Maji yatoka saa moja tu, na anayewahi ajaza madumu kumi na mawili na sisi twamtazama. Nikawaeleza wanawake sheria ya sita. Sita, kisha mpishe mwenzio. Wote wakasema hiyo ndiyo haki. Bi Rukia akauliza, "Na refa wetu nani?" Kelele zikaanza upya.

Mavyaa naye akaita dirishani, "Ndoo!" Nikamkimbilia na ndoo. Kumbe aniita. Sisi tuliokulia Changamwe twasema njoo. Yeye, mzaliwa wa Kibokoni, husema ndoo. Miaka mitatu na bado nampelekea ndoo.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo nimekwenda kiwanjani kwa mara ya kwanza! Mavyaa alinuna, lakini akamfunga Zuhura kofia mwenyewe.

Yalikuwa mazoezi tu, mabaharia wakiwafundisha wetu. Dagi ni mtu mkubwa kama mlango, shingo nyekundu, acheka kila wakati. Refa ni afisa wao, mzee wa masharubu. Ili nisipotee nilikuwa na mbaazi sita mkononi. Kila mwangusho, mbaazi moja yatoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Kushoto kukiwa kutupu, mpira watolewa. Nilifurahi kama ninacheza mimi. Nilipiga kelele. Buibui lilianguka mabegani.

Kisha ugomvi. Mabaharia walisema huu wa tano. Wetu wakasema wa sita, toeni. Refa mwenyewe alikuwa amepoteza hesabu, ana mambo mengi ya kutazama. Vidole vikaanza kuoneshana. Karisa akapaza sauti, "Shemeji! Wa ngapi?" Uwanja mzima ukanigeukia. Nikafungua kushoto. Mbaazi moja. "Huu wa tano," nikasema. Yaani mabaharia ndio wenye haki.

Athmani alikuwa amesimama na wa akiba. Niliogopa kumtazama. Nilipomtazama alikuwa akitabasamu.

Dagi akaja mpaka pale, akachungulia mkono wangu, akasema maneno mengi. Karisa akafasiri: huyu ndiye mhesabu wetu Jumamosi ijayo. Asiyeongopa hata kwa mumewe. Mwangusho wa sita niinue leso, na refa atapuliza.

Mimi!

Jumatatu, 9 Septemba

Nimezipaka mbaazi zangu sita hina, iliyobaki ya harusi ya juzi hapo nyuma. Zimekuwa nyekundu kama kucha. Ili zisije zikaingia chunguni na za kupika. Nazifunga pembeni mwa leso. Zuhura azitaka. Hapati.

Jumatano, 11 Septemba

Athmani amekosa kibarua siku ya tatu. Lakini amekimbia mpaka Mbaraki na kurudi, asubuhi na jioni.

Barazani habari ni ligi tu. Wanaume wawili wazima wamebishana kuanzia adhuhuri mpaka alasiri kama ni haki mpira kurushwa nyuma tu. Mavyaa akawajibu kutoka ndani, kupitia pazia, "Mtezo gani huu, wenda mbele watupa nyuma?" Wakasema ndiyo sheria, Bibi. Akasema, "Basi aliyeitunga alikuwa na mwana mgongoni." Kicheko mpaka mwisho wa kichochoro.

Nimempenda mavyaa leo.

Jumamosi, 14 Septemba, asubuhi

Siwezi kula. Mbaazi sita, nimezihesabu mara nne. Leso safi. Zuhura ameoga. Athmani ameswali, amekaa, amesimama, amekaa. Ewe Mola, aingie hata dakika moja.

Jumapili, 15 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye furaha, kwa sababu ilikuwa furaha ya kweli.

Watu walijaa mpaka kwenye ukuta. Nilipewa kiti katikati ya mstari, Zuhura mapajani. Mabaharia walipata trai mbili na teke moja, kumi. Wetu wakapata trai mbili, mateke yote yakaenda baharini, nane. Leso yangu ilipanda na kushuka, refa akinitazama kila mara kama ninavyotazama saa ya msikiti. Hakuna aliyebisha. Hakuna hata mmoja! Hesabu ilikuwa sawa.

Athmani amekaa na wa akiba. Nusu ya kwanza, hakuna. Nusu ya pili, hakuna. Anang'oa majani. Kisha yule namba kumi na moja akateguka mguu, na Karisa akageuka akamwonesha kidole. Wewe.

Nilisimama. Nilimtua Zuhura chini, nikaziweka mbaazi kitini, nikapiga vigelegele peke yangu, mwanamke mmoja kati ya wanaume wote wale. Kisha nikakaa, nikampakata mtoto, nikazoa mbaazi zangu.

Mabaharia walikuwa na mpira, karibu kabisa na mstari wetu. Dakika zimekwisha. Wakaangushwa, wakaangushwa. Athmani peke yake aliwaangusha wawili. Mkono wa kushoto ukawa mtupu. Nikainua leso. Baharia mmoja akaonesha vidole vitano, akapiga kelele, lakini refa akasema leso ni leso. Mpira ukawa wetu.

Wakarusha mara moja, mara mbili, ukaanguka mikononi mwa Athmani. Mbele yake hapakuwa na mtu. Alikimbia uwanja mzima. Namuona bado. Kichwa kimeenda nyuma, jezi namba saba imejaa upepo. Alipofika nyuma ya mstari hakujua afanye nini, akasimama, watu wakamlilia "Chini! Chini!" akaanguka na mpira kama amlaza mtoto.

Kumi na mbili kwa kumi. Kipenga. Walimbeba. Alilia. Mimi nililia. Zuhura akalia kwa sababu tunalia.

Hayo ndiyo ya furaha. Sasa haya mengine.

Jana magharibi Zuhura alianza kupiga chafya. Pua moja imeziba. Mavyaa akamlaza mapajani, akaziba pua nzima kwa kidole, akampuliza mdomoni mara moja kwa nguvu. Kitu kikaruka sakafuni.

Mbaazi. Nyekundu. Ya hina.

Nikafungua pembe ya leso. Tano.

Aliichukua pale kitini, nilipokuwa napiga vigelegele. Nilizoa bila kuhesabu. Wale mabaharia waliangushwa mara tano, si sita. Walikuwa na mwangusho mmoja bado. Mpira haukuwa wetu. Trai ya Athmani haikuwa yetu.

Mavyaa aliitazama mbaazi, akanitazama mimi. Si mjinga. Akasema, "Nyamaa, mwanangu. Tangu afe babake sijamuona akicheka vile." Akaitupa dirishani.

Nimenyamaa.

Jumapili hiyo hiyo, alasiri

Kila anayepita mlangoni amwita Athmani "Trai!" Mwuza kahawa amemkatalia pesa yake, kunywa wewe, Trai. Mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee aliyemchapa utotoni, amempa mkono kwa mikono miwili. Athmani amevaa kanzu na shingo imesimama. Amemweka Zuhura mabegani, azunguka naye Kibokoni nzima.

Mimi nafua. Nafua vitu visafi.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimesoma kitabu chote kutafuta msaada. Nimeupata. Chasema uamuzi wa refa ni "final". Kamusi: wa mwisho. Hata kama amekosea. Akishapuliza imekwisha. Kwa hiyo sheria yanisamehe. Ningeweza kukaa kimya na kuwa mtu wa sheria kabisa.

Nilifurahi kwa muda wa kuchemsha chai.

Kisha nikafikiri. Dagi aliuchungulia mkono wangu akanikabidhi. Hakunikabidhi kwa kitabu, alinikabidhi kwa sababu nilisema tano wakati wetu wakitaka sita. Nami sasa nimekuwa wa kusema sita.

Nimemwambia Athmani. Saa kumi, amekaa kizingitini akizipaka njumu mafuta. Nimesema yote bila kupumua, mtoto, kiti, pua, tano. Sikulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kiatu chini taratibu. Akatoka.

Namuonea huruma. Trai moja katika miaka minane, na mkewe ndiye anayemnyang'anya.

Jumanne, 17 Septemba

Hajanisemesha. Amekula. Amembusu Zuhura. Mtaani wakamwita "Trai!" akainua mkono lakini uso hakuinua.

Mavyaa naye hanisemeshi. Nyumba ina watu watatu wazima na anayezungumza ni mtoto.

Jumatano, 18 Septemba

Amemwambia Karisa! Mwenyewe! Mbele ya timu nzima!

Wamekuja wote hapa kubishana, barazani hapana pa kukaa. Nimesikia yote nyuma ya mlango. Mmoja akasema, "Athmani, mkeo atatuvua nguo." Mwingine akasema refa kapuliza, kitabu kimesema, maliza maneno. Karisa akauliza kitabu kimesema nini hasa. Nikakipitisha kwa mkono mlangoni, ukurasa nimeukunja. Akasoma. Akasema ni kweli, kwa sheria ushindi ni wetu.

Athmani akasema, "Kitabu kimemsamehe refa. Mimi hakikunisamehe. Nimekimbia na mpira wa watu."

Kisha mavyaa, wallahi mavyaa! Akafungua mlango, akatoka na bakora yake mpaka kati ya wanaume kumi na saba. Akawaambia, "Mbaazi nimeitoa puani kwa mkono huu. Ilikuwa nyekundu. Mwataka nini tena, muhuri?" Akarudi ndani. Akanipita. Akanigusa shavu.

Wamekwenda kwa Dagi. Karisa asema Dagi alipofasiriwa habari ya pua alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu ya gati. Kisha akafuta macho akasema, basi sisi bado tuna mwangusho mmoja. Manowari yaondoka Ijumaa. Kesho saa kumi. Hesabu irudi kumi kwa nane. Wao wacheze mmoja wao. Wakishindwa, gati wapewe sita yao. Kisha mwisho.

Watu ishirini na sita watakutana kwa miangusho saba! Sijapata kusikia kitu kizuri namna hii.

Athmani amenisemesha. Amesema, "Mama Zuhura, una mbaazi ngapi?" Nimesema tano. Amesema, "Tafuta ya sita."

Alhamisi, 19 Septemba

Waliokuja leo ni wengi kuliko Jumamosi. Wanawake pia! Bi Rukia, wale wa bombani, mavyaa kwa teksi, amekaa ndani yake na kioo amekishusha.

Sikumpakata mtoto. Bi Rukia alimshika. Mbaazi tano nyekundu na moja nyeupe, hina imekwisha.

Karisa alimpanga Athmani tangu mwanzo. Mtu wa ubavuni, kwenye mchezo usio na ubavu. Mabaharia wakauweka mpira palepale. Aliyeubeba ni Dagi mwenyewe. Akaja kama kabati linaloteremka ngazi. Athmani hakumkwepa. Akamwingia miguuni, akamkumbatia, na wote wawili wakaanguka hatua moja mbele ya mstari. Hatua moja! Uwanja ukalia, "Mmoja!" Leso juu.

Sasa yetu sita. Watu wote wakahesabu na mimi, kwa sauti, hata wale mabaharia waliokaa pembeni, Kiswahili chao cha kuchekesha. Mmoja. Miwili. Wakasogea. Mitatu. Wakasogea tena. Nilikuwa siketi. Minne. Karisa kaangushwa, kainuka. Mitano. Mstari uko pale, waweza kuutemea mate. Mkononi imebaki ile nyeupe.

Mpira ukaenda kwa Athmani.

Aliinama, akapita mmoja, akapita wa pili nusu. Dagi na mwenzake wakamshika kiunoni. Akanyoosha mkono wenye mpira. Mkono ulikuwa ndani ya kivuli cha nguzo. Goti likagusa chini. Mpira haukufika. Kiasi cha shubiri moja.

Wote wakanitazama. Refa akanitazama. Mume wangu, uso una mchanga, akanitazama.

Kushoto kutupu. Nikamwinulia leso.

Kipenga. Kumi kwa nane, ya mabaharia.

Alilala pale akiitazama leso. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani alia. Alikuwa anacheka. Dagi akamvuta kwa mkono, wakapigana vifua, na uwanja mzima, wetu na wao, wakapiga makofi kama tumeshinda. Niliona mavyaa ameutoa mkono nje ya dirisha la teksi. Apiga makofi kwenye mlango wake. Dereva akimwambia "Bibi, rangi! Bibi, rangi!"

Ijumaa, 20 Septemba

Manowari imekwenda. Tuliisikia honi yake baada ya swala ya Ijumaa.

Dagi ameacha kitabu, amesema ni changu. Ndani ameandika jina langu, Mwanaisha, kakosea herufi mbili. Pale palipoandikwa "try" nimeandika kwa bairo, kando, jaribu. Athmani ameona. Hakunisahihisha.

Mtaani hawamwiti tena "Trai". Leo mwuza kahawa amemwita "Shubiri". Amecheka. Kahawa amelipa.

Sikumuuliza habari ya viatu. Niliogopa. Lakini nilipotoka kuoga nilivikuta vimesafishwa, vimetundikwa msumarini mwao, kamba zimefungwa pamoja. Vikingoja Jumamosi.

Ndani ya kimoja mna mbaazi. Nusu tu leo, Zuhura alishikwa na usingizi katikati ya kazi. Amelala hapo chini ya msumari, ngumi imefumbwa. Nimeifungua taratibu. Moja, nyekundu. Sijui aliitoa wapi. Pembe ya leso nimeifungua, humo mna nne na ile nyeupe. Nimemwachia.

Nyumba imetulia. Mavyaa yuko dirishani. Maji yamefunguliwa kabla ya saa yake, nasikia madumu yagongana kule kona, na sauti za wanawake zapanda, huyu asema wewe umejaza saba, yule asema sita. Halafu Bi Rukia, juu ya wote, "Mwiteni Mama Zuhura! Yule amhesabiaye hata mumewe!"

Mavyaa amegeuka. "Ndoo!" aniambia. Sijui kama ni njoo au ni ndoo, lakini nadhani leo ni yote mawili.